Kompresa ya pili ikikufia mikononi

Jumatatu usiku kijana mmoja wa Geita alinitumia ujumbe. "Shikamoo kaka. Kompresa ya AC ya ukumbi imekufa tena, ya pili hii, haijamaliza hata miezi miwili. Mteja anasema nimemfungia feki. Naomba unielekeze duka linalouza orijino."

Niliusoma ujumbe ule mara tatu nne na kila mara moyo ulinibana, kwa sababu maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe mwaka 2017, nikiwa nimesimama nyuma ya hoteli moja ya ufukweni hapa Mwanza, kompresa iliyoungua (moyo wa mashine, unaobana na kusukuma gesi) iko miguuni na meneja yuko mgongoni. Nimemjibu kwamba duka nitamwelekeza, ila kwanza asome haya. Nayaandika hapa wazi kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnataka nilichokitaka mimi wakati ule: kuachana na AC ndogo za vyumbani na kushika kazi za hoteli, benki na kumbi.

Mashine yenyewe ilikuwa ya tani 10, gesi yake R410A, umeme wa feizi tatu, inapeleka ubaridi kwenye ukumbi wa harusi kwa dakti (mifereji ya hewa) zilizopita darini. (Wateja wengi hudhani tani ni uzito wa chuma. Ni hesabu ya zamani ya barafu: tani moja ni nguvu ya kuondoa joto linalotosha kuyeyusha tani ya barafu (tani ya Kimarekani, kama kilo 907) kwa saa 24, yaani BTU 12,000 kwa saa. Mvuvi wa sangara anayenunua barafu kila siku huielewa hesabu hii haraka kuliko mhasibu wa hoteli.) Kipande cha nje kilikaa uani, upande wa ziwa, chini ya taa ya ulinzi. Taa hiyo nitairudia.

Jumamosi moja, saa kumi na moja jioni, nikapigiwa simu. Maharusi wako njiani, ukumbi ni tanuri, mashine inawaka dakika tatu inazima. Nilifika nikafunga geji za presha. Upande wa presha ya juu mshale ulipanda mpaka ukapita 600 psi (kipimo cha presha), ndipo swichi ya presha ikakata. Nilipaswa kujiuliza presha inapandishwa na nini. Nilichofanya ni kuchomoa nyaya mbili za swichi ile na kuziunganisha moja kwa moja. Mashine ikawaka, haikuzima tena. Ukumbi ukapoa, meneja akanishika mkono mbele ya wageni, nikarudi nyumbani najiona bingwa wa jiji. Zile nyaya sikurudi kuzitenganisha. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya katika kazi hii.

Ili uelewe ukubwa wake, anzia jikoni kwako. Mwanza tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya chai huku huchemka kwenye nyuzi joto kama 96, wakati Dar es Salaam huchemka kwenye 100. Maji ni yale yale. Tofauti ni hewa inayoyakandamiza, ambayo huku ni nyepesi. Mgandamizo ukipungua, kitu huchemka kikiwa na joto dogo. Ukiongezeka, hudai joto kubwa zaidi. Kila kiyoyozi, kuanzia cha chumba cha kulala hadi chila (mtambo mkubwa unaopoza maji) ya jengo zima, kinaishi kwa jambo hilo moja.

R410A ikiachwa wazi huchemka kwenye nyuzi 51 chini ya sifuri. Ndani ya koili ya ndani (paipu zilizokunjwakunjwa) tunaikalisha kwenye presha ya kama 118 psi, na hapo huchemka kwenye nyuzi 4 hivi. Hewa ya ukumbini yenye nyuzi 28 inapopita juu ya koili hiyo, joto lake ndilo linaloichemsha gesi, na hewa inatoka imepoa. Ukumbini hatuingizi baridi, tunachukua joto. Kompresa inaunyonya mvuke huo na kuubana mpaka uwe wa moto kuliko hewa ya nje. Kwenye 365 psi, gesi ile ile hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 43. Nje kuna nyuzi 30, kondensa, yaani koili ya nje, ina 43, basi joto linatoka lenyewe hata saa nane mchana, feni inalipeperusha. Kimiminika kinarudi ndani kupitia valvu ya upanuzi, kijitundu chembamba kinachoshusha presha ghafla, na safari inaanza upya.

Sasa iziba kondensa. Wakazi wa kando ya ziwa tunawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi, hasa mwezi unapoandama, na tunajua wanavyokimbilia taa usiku. Taa ya ulinzi ilikuwa juu ya mashine yangu. Taa inawaita, feni inawavuta ndani. Nilipokuja kuifungua kondensa ile, katikati ya mapezi kulikuwa na utando mweusi ulioganda kwa vumbi na mvua, mnene kiasi kwamba mwanga wa tochi haukupita. Ongeza kwamba hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani, kwa hiyo feni inabeba joto kidogo hata kondensa ikiwa safi. Gesi ikakosa pa kutolea joto, presha ikapanda, kompresa ikasukuma ukuta usiku na mchana. Mafuta yake yakapikwa, vanishi inayozikinga waya za mota ikaungua. Swichi niliyoinyamazisha ndiyo iliyokuwa inapiga kelele kwa niaba yake.

Kompresa ya kwanza ilikufa baada ya miezi miwili na nusu. Hoteli ikanunua nyingine bila maneno. Nilikata, nikalehemu, nikaosha kondensa kwa nje tu kwa mpira wa maji, nikaacha filta draya (kichujio kinachonasa unyevu na uchafu) ile ile. Hewa iliyobaki kwenye paipu niliifukuza kwa kuachia gesi kidogo. Pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa yote kwenye mfumo, nilikuwa nayo, iko chini ya kitanda. Niliiweka huko kwa sababu kila nilipoitumia mshale wa geji ulikwama kwenye inchi 26 za zebaki wakati mwalimu wetu chuoni alitufundisha ifike karibu na 30. Nikaamini ni mbovu. Laiti mtu angeniambia! Mwanza haiwezi kufika 30, hata ukileta pampu ya dhahabu, kwa sababu mshale ule unapima kwa kulinganisha na hewa ya nje, na hewa ya huku yote ina uzito wa inchi 26 tu. Pampu yangu ilikuwa nzima. Ninaloumia mpaka leo ni hilo.

Ya pili ilidumu wiki tano. Safari hii meneja alisema nimeleta feki, akaniambia mbele ya walinzi kwamba mimi ni tapeli, na nikalipa kompresa ya tatu mwenyewe, zaidi ya milioni tatu. Niliuza pikipiki. Kwa miezi kadhaa nilikuwa natembea kwa miguu kutoka Mabatini kwenda kazini na begi la vifaa begani, napishana na watu wanaoniuliza, fundi, usafiri uko wapi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekula ujana wake kwenye mitambo ya baridi ya viwanda vya samaki. Hakuomba geji wala mita. Aliinamisha kompresa iliyokufa, akamimina mafuta yake kwenye chupa ya maji, akaniambia ninuse. Yalikuwa meusi, yana harufu kali ya kuungua inayochoma pua. "Mwanangu," akasema, "umefunga kompresa mpya, damu umewachia ile ya marehemu."

Ndivyo ilivyo. Mota ikiungua ndani ya mfumo, mafuta yaliyochomwa na unyevu hutengeneza asidi, na asidi hiyo haiondoki na kompresa unayoitoa. Imebaki kwenye paipu, kwenye koili, kwenye draya. Mafuta ya mashine za R410A yana tabia nyingine mbaya: hunywa unyevu wa hewani upesi, ukiacha paipu wazi umeyanywesha. Kompresa mpya inaanza kuliwa siku unayoiwasha. Kwa hiyo baada ya kuungua unasafisha laini kwa naitrojeni, unafunga draya mpya, na kwenye laini ya kunyonya unaweka filta ya kunasa asidi ambayo utaitoa baada ya siku chache. Kisha unavuta vakyumu mpaka mikroni 500 (kipimo cha presha ndogo mno inayobaki ndani), kwa mita ya mikroni na si kwa mshale, maana mita hiyo haijali uko Mwanza au Tanga. Katika hali hiyo maji yaliyojificha ndani huchemka bila moto na kutoka. Ni somo lile lile la chai.

Kompresa ya tatu niliifunga hivyo, kondensa nikaiosha kutoka ndani kwenda nje ili uchafu urudi ulikoingilia, swichi nikairudishia nyaya zake, na taa nikaomba ihamishiwe ukuta wa pili. Mpaka naacha kuihudumia mashine ile, miaka minne baadaye, ilikuwa inafanya kazi na kompresa hiyo hiyo. Meneja hakuwahi kuniomba radhi.

Wadogo zangu, acheni kuunganisha swichi za usalama. Mteja akilia, mwache alie. Akikufukuza, ondoka na jina lako. Na acheni kutibu kila ugonjwa kwa kuongeza gesi. Gesi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari, mfumo ni wa kuzunguka. Ikipungua kuna pa kuvujia, patafute. Mnaandika "mtaalamu" kwenye fulana na vibao, na mita ya mikroni hamna. Mtu anakabidhi kwako kitu cha milioni nyingi halafu unakisia! Tusifanye hivyo. Kazi hii inalisha familia zetu, na kompresa haifi bila kitu kuiua. Mtafute muuaji kabla hujanunua nyingine.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Geita nilimwambia asinunue chochote. Amimine mafuta aniambie rangi na harufu. Apige picha ya kondensa akiwa amemulika tochi kwa nyuma. Apime volti za feizi zote tatu kwenye kontakta (swichi kubwa inayoipa kompresa umeme), kwa sababu feizi moja ikikosekana mota huungua pia. Aniambie kama swichi ya presha ya juu ina nyaya zake au kuna mtu ameziunganisha, na asinifiche hata kama ni yeye.

Amejibu jana saa nne usiku. Mafuta ni meusi. Draya ni ile ya kwanza. Swichi ameziunganisha mwenyewe, mwezi wa tatu, kulikuwa na sherehe. Kesho asubuhi anapanda basi, atapita daraja la Kigongo na Busisi, saa nne au tano atakuwa hapa. Pampu nimeshaibadilisha mafuta na mita ya mikroni nimeitia chaji.