Malezi ya pamoja na nyumba ya halmashauri Uingereza

Ndugu yangu, umeuliza kama halmashauri ya huko England inalazimika kukupa nyumba kwa kuwa umetengana na mwenzako, unalala kwa marafiki, na mahakama imeamuru watoto wakae kwako nusu ya juma. Amri hiyo peke yake haitoshi. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1996 humpa kipaumbele mtu asiye na makazi ambaye watoto wanaomtegemea wanaishi naye, au ambaye ni busara kutarajia waishi naye. Lakini mwaka 2009, katika kesi ya Holmes-Moorhouse dhidi ya halmashauri ya Richmond upon Thames, Baraza la Malordi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kwamba halmashauri inaweza kuzingatia uhaba wa nyumba na kuuliza kama ni busara watoto wenye makao kwa mzazi mmoja wapewe makao ya pili. Uamuzi huo unaniumiza kila ninapoukumbuka.

Hata hivyo, usikubali kurudishwa mlangoni. Kulala kwenye sofa la rafiki kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kukosa makazi, na tangu Aprili 2018, mradi hali yako ya uhamiaji inakuruhusu kusaidiwa, halmashauri inapaswa kukusaidia kutafuta makazi kwa siku 56 hata kama huna kipaumbele. Peleka amri ya mahakama, barua ya shule, na maelezo ya siku ambazo watoto walikuwa wakilala kwako. Ukikataliwa, ndani ya siku 21 tangu ujulishwe, omba uamuzi upitiwe upya. Shirika la Shelter hutoa ushauri bila malipo.