Nyusi zikipanda umeshajibiwa: kwa manesi wanaokuja kufanya kazi Nunavut

Wiki yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati ya kijiji kimoja cha kisiwa cha Baffin, Nunavut, kaskazini mwa Kanada, nilimuuliza mzee mmoja kama amemeza dawa zake za asubuhi. Akanitazama, kimya. Nikauliza tena, polepole. Kimya. Mara ya tatu nikapaza sauti, kana kwamba tatizo ni masikio yake. Mkalimani, mama wa makamo aliyekaa pembeni na kikombe chake cha chai, akaniambia: "Ameshakujibu mara tatu." Kumbe mzee alikuwa ananyanyua nyusi. Nyusi kupanda ni ndiyo, pua kukunjwa ni hapana, na anayengoja sauti atangoja sana.

Kila baada ya miezi michache napata ujumbe, mara kutoka kwa nesi wa Nairobi aliyeko Toronto, mara kijana wa Mwanza anayemaliza chuo Ottawa. Wanauliza baridi ikoje na mshahara ukoje. Baridi inafika nyuzi 40 chini ya sifuri, utanunua koti, yataisha. Mshahara utauona kwenye mkataba. Nataka kusema yale ambayo mimi sikuambiwa na mtu.

Kwanza jina. Wengi wetu shuleni tulifundishwa Waeskimo. Liache hilo jina uwanja wa ndege. Wenyewe ni Inuit, maana yake watu, na mmoja ni Inuk. Kwa hiyo hata ukisema "Wainuit" umesema "wawatu". Ndiyo maana naandika Inuit tu. Wako Alaska, Greenland, pembe ya Urusi inayoitwa Chukotka, na kaskazini mwa Kanada. Nunavut ni sehemu moja tu ya nchi yao. Ilianza kujitawala kama eneo la Kanada tarehe 1 Aprili 1999, baada ya mkataba wa ardhi wa 1993. Tanzania ingeingia humo mara mbili, lakini sensa ya 2021 ilihesabu watu kama 37,000 tu, katika miji na vijiji 25 visivyounganishwa na barabara hata moja. Hospitali ni moja, iko Iqaluit, makao makuu. Kwingine karibu kote zahanati ni manesi, yaani wewe, na daktari yuko kwenye simu.

Turudi kwenye maswali, maana hapa Mswahili ana bahati yake. Mwulize Mwingereza "hujala?", atakujibu "hapana" akimaanisha hajala. Sisi tunajibu "ndiyo, sijala". Kiinuktitut, lugha ya Inuit wa huku, nacho kinakwenda hivyo hivyo: mgonjwa akiulizwa "hukumeza dawa?" na nyusi zikapanda, amekubali kwamba hakumeza. Nimeona wenzangu wa kusini mwa Kanada wakiandika kwenye faili kinyume cha alichosema mgonjwa kwa sababu hiyo tu. Lakini dawa bora ni kutouliza kwa kukanusha kabisa.

Kuna na neno jingine la kujua: ilira. Ni ile hali ya kumwogopa na kumstahi mtu aliyekuzidi uwezo, mtu anayeweza kukunyima kitu, mpaka unamwambia anachotaka kusikia ili muachane salama. Inuit wameishi na hiyo ilira mbele ya polisi, mapadri, wafanyabiashara wa manyoya, na manesi. Usidhani kwa kuwa wewe ni mweusi umesamehewa. Mimi nilikuja na moyo wa "sisi sote tulitawaliwa", nikitegemea nitapokelewa kama ndugu. Watu walikuwa wapole sana. Ila nilikuwa na funguo za kabati la dawa na uwezo wa kumpandisha mtu ndege, na hilo ndilo walilokuwa wanaliona.

Kupandisha mtu ndege. Hapa nitakaa kidogo.

Kifua kikuu sisi tunakijua. Nimefanya kazi wodi ya TB nyumbani, nikadhani huku nitafundisha watu. Bibi mmoja alikuwa na kikohozi cha wiki nyingi, amekonda, na alitakiwa kwenda kusini kwa vipimo zaidi. Nikamweleza kwa ufasaha wangu wote kupitia mkalimani. Pua ikakunjwa. Kesho yake nikamfuata nyumbani, pua ikakunjwa tena. Nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amekataa matibabu. Mkalimani aliposoma hakusema kitu siku hiyo. Siku ya pili akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama niliwahi kusikia habari za meli iitwayo C.D. Howe.

Sikuwahi. Kuanzia mwaka 1950 meli hiyo ya serikali ilikuwa ikizunguka vijiji vya mashariki kila kiangazi. Watu walipandishwa, wakapigwa eksirei humo humo melini, na aliyekutwa na kifua kikuu mara nyingi hakuruhusiwa hata kushuka kuaga. Mama anaondoka, mtoto amebaki ufukweni. Kufikia 1956, karibu mtu mmoja katika kila Inuit saba alikuwa amelazwa kwenye hospitali za kusini, Hamilton na kwingineko, mahali ambapo hakuna anayejua lugha yake. Wengine walirudi baada ya miaka, watoto wao wamesahau sura zao au wao wamesahau lugha. Wengine walifia huko na jamaa zao hawakuambiwa walizikwa wapi. Waziri Mkuu wa Kanada alikuja Iqaluit kuomba radhi Machi 2019, na ukaanzishwa mpango wa kusaidia familia kuyatafuta makaburi, uitwao Nanilavut, yaani tuwatafute.

Mama yake yule bibi alipanda meli hiyo. Sasa mimi nakuja na karatasi yangu: panda ndege, nenda kusini, ni kikohozi tu.

Nikaufuta ule mstari wa "amekataa", nikaenda kuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: angependa aende na nani? Mpwa wake akatafutiwa nafasi ya kumsindikiza, tarehe ya kurudi ikaandikwa kwenye kalenda ya jikoni kwake, akaenda. Akarudi. Miezi ya dawa iliyofuata alimeza mbele yangu bila kukosa hata siku moja, na kila siku alikuwa ananikuta nimechelewa.

Ndiyo maana nasema historia ya huku ni sehemu ya kazi, kama mizani na kipima joto. Ukiona jina moja limeandikwa namna tatu kwenye faili, usimlaumu karani. Kuanzia miaka ya 1940 serikali iliona majina ya Inuit yanaisumbua, ikawagawia visahani vidogo vyenye namba, herufi E kwa wa mashariki na W kwa wa magharibi, na wengi walivivaa shingoni. Wakenya wataikumbuka habari ya kipande, kile kitambulisho cha mkoloni cha kuvaa shingoni. Majina ya ukoo yalikuja baadaye, Inuk mmoja aitwaye Abe Okpik alipozunguka kijiji kwa kijiji kati ya 1968 na 1971 akiwauliza watu wachague. Wazee bado wanaikumbuka namba yao kwa moyo. Wewe uliza tu: jina lako unaliandikaje?

Na jina lenyewe ni zito. Mtoto hupewa jina la marehemu, na baada ya hapo huitwa kwa udugu wa yule marehemu. Bibi aliniletea kichanga cha miezi minne kuchanjwa akasema huyu ni baba yangu. Daktari mgeni aliyekuwapo siku hiyo alimtazama bibi kama anataka kumpima akili. Mimi nilicheka, maana nyumbani nina binamu ninayemwita babu tangu alipozaliwa. Kwao wa jina moja huitwa sauniq, neno la mfupa. Kwetu tungesema somo.

Chakula. Ukialikwa, nenda, na usishangae kukuta boksi limepasuliwa na kutandazwa sakafuni, juu yake nyama mbichi iliyoganda. Aliyekulia mkeka na sinia atajisikia nyumbani. Mama mwenye nyumba atakukatia kwa ulu, kisu cha wanawake chenye umbo la nusu mwezi, labda maktaaq, ngozi ya nyangumi na mafuta yake, ambayo ndiyo iliyowapa watu vitamini C mahali pasipoota chungwa. Inatafunika kama raba mwanzoni, baadaye ina ladha ya nazi mbichi. Usije na maoni kuhusu uwindaji wa sili. Ulaya ilipopiga marufuku ngozi za watoto wa sili mwaka 1983, soko zima lilianguka, pamoja na ngozi za wakubwa ambao Inuit ndio huwinda. Mwindaji akakosa pesa ya petroli na risasi, halafu duka linauza kuku kwa bei ya kutisha.

(Na ukipiga simu nyumbani zungumza pole pole. Mwenzangu alinisikia nikisema "karibu, karibu sana", akaja mbio kuuliza hao caribou, kulungu wa huku, nimewaona wapi.)

Nyumba ni chache. Utamwambia mgonjwa wa TB akae chumba chake peke yake, na sebule yake inalaza watu wanne kwa zamu. Usiandike kwamba hafuati ushauri. Serikali imeahidi kukimaliza kifua kikuu kwenye nchi za Inuit ifikapo 2030. Bila nyumba sijui kitamalizwaje.

Kuhusu vijana wanaojiua, nitasema kidogo tu. Itatokea ukiwa zamu, na kijiji kizima ni ndugu, pamoja na mkalimani wako. Siku hiyo mfungulie mlango aende nyumbani.

La mwisho ni unga. Meli za mizigo hufika kiangazi tu, na agizo hufanywa miezi kabla. Mimi huagiza magunia mawili ya sembe, mchele, na maharage ya mwaka mzima. Meli ya mwisho huondoka bahari inapokaribia kuganda, kama mwezi wa kumi. Ukichelewa, unga utakuja kwa ndege, na bei utaniambia wewe.