Je, niende tena na timu ya misheni kama mkalimani?

SWALI: Shikamoo Baba Mchungaji. Naishi Texas mwaka wa tisa sasa, kazi yangu ni kutunza wazee. Kwetu ni Tukuyu. Usharika ninaosali huku hutuma timu ya misheni Tanzania kila Julai kwa siku 12, katika kijiji kimoja mkoani Morogoro, na mwaka jana nilikwenda nao kama mkalimani. Tulikuwa watu 14. Mchana vijana wetu walijenga ukuta wa darasa. Jioni mafundi wa pale kijijini walibomoa kozi za juu na kuzipanga upya, maana ukuta ulikosa timazi, wakaniomba nisiwaambie wageni. Siku ya mwisho mhubiri wetu aliuliza nani anataka kumpokea Yesu kwa mara ya kwanza. Watu walikaa kimya, wengi wao ni washarika waliobatizwa tangu utoto. Niliogopa mgeni ataaibika, nikatafsiri, "Nani anataka Yesu aibariki nyumba yake?" Mikono ikapanda. Tuliporudi Texas kanisa likatangaziwa kwamba watu 212 wameokoka, na watu wakalia kwa furaha. Tangu siku ile silali vizuri.

Sasa wananiita tena. Gharama ni dola 3,400 kwa kila mtu, na yangu watanilipia. Mama yangu anaumwa na sijamwona miaka sita. Mwaka jana nilifika Morogoro nikashindwa kufika kwetu, kwa sababu sheria ya timu ni kutotengana. Likizo yangu ni wiki mbili tu kwa mwaka. Mwinjilisti wa ushirika wetu wa Waswahili huku anasema nikikataa nitakuwa Yona, na kwamba Mungu huangalia nia ya moyo. Mchungaji mwingine, wa nyumbani, anasema safari hizi zote ni utalii wa wazungu, niachane nazo. Je, ni halali kwangu kwenda?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeiweka mbele ya nyingine zilizotangulia kufika, kwa sababu ya hiyo mikono 212. Mimi pia nimebeba mzigo wa namna hiyo.

Nilipokuwa mwinjilisti kijana nilimtafsiria mhubiri mmoja mgeni aliyekuja kwa wiki moja. Mama mjane alimleta mtoto wake aombewe. Mgeni alipomaliza kuomba alimwambia yule mama kwamba mtoto hajapona kwa kuwa mama hana imani. Niliyasikia maneno yale, na yalinikwama kooni. Nikamgeukia mama nikasema, "Mungu anakupenda, usikate tamaa." Mama akamshika mgeni mkono, akamshukuru kwa machozi. Mgeni akaona neno lake limemgusa. Kwa miaka mingi nilijisifu moyoni kwamba siku ile nilitenda rehema. Leo nasema nilikosa. Sijutii kutoyatamka maneno yale. Ninachojutia ni kwamba sikumgeukia mgeni na kumwambia wazi, "Hili sitalisema." Nilimwacha aende zake na fundisho lake baya, akalihubiri kwingine, kwa kinywa cha mkalimani mwingine.

Kwa hiyo nakujibu kwanza juu ya kinywa chako. Mkalimani ana njia tatu zilizo halali mbele za Mungu. Anaweza kusema alichoambiwa. Anaweza kusimama na kumwuliza msemaji ana maana gani, au kumweleza kwamba maneno yake hayatafika. Na anaweza kukataa, hadharani. Njia ya kubadilisha kwa siri hana, hata kama anabadilisha kwa huruma, kwa maana pale katikati yeye ni shahidi wa pande zote mbili, na hakuna mwingine wa kumsahihisha. "Usimshuhudie jirani yako uongo." Wewe ulikuwa na majirani wa pande mbili, na siku ile wote wawili hawakupata ukweli.

Soma Matendo 14. Paulo na Barnaba wako Listra, Paulo amemponya kiwete. Makutano wakapaza sauti kwa Kilikaonia, lugha ambayo mitume ni wazi hawakuifuata, maana hawakushtuka mpaka kuhani wa Zeu alipofika malangoni na ng'ombe na mashada ya maua. Barnaba ameitwa Zeu, Paulo ameitwa Herme. Hebu fikiri: hii ni timu ya misheni iliyotumwa na kanisa la Antiokia, na mji mzima umetoka kuipokea. Wangekuwa watu wa kuhesabu mikono, ile ilikuwa siku ya kuandika taarifa nzuri kuliko zote. Walipoelewa watu wanasema nini, walirarua nguo zao, wakarukia katikati ya makutano wakilia kwamba wao ni wanadamu hali moja na wale. Waliukataa ule umati kwa sababu haukuwa umati wa Injili. Baadaye Paulo akapigwa mawe palepale. Lakini katika sura hiyohiyo walirudi Listra kuwatia moyo wanafunzi, kwa hiyo wanafunzi wa kweli walikuwapo. Wangeupokea ule uongo wa kwanza, sidhani kama wangewapata.

Sasa nije kwa mwinjilisti wenu, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, maana neno hili la Yona limewafunga wengi.

Yona alisemeshwa na Bwana kwa jina la mji: Ninawi. Wewe umealikwa na kamati. Kamati ya kanisa naiheshimu, nimekaa kwenye nyingi, lakini mwaliko wa kamati haujawa neno la Bwana mpaka umepimwa. Tena Yona alikimbia kwa kuwa aliwachukia Waninawi na hakutaka wasamehewe. Wewe unawachukia nani? Watu wa Morogoro ni ndugu zako. Unalia kwa sababu umewadanganya. Na ndugu yetu asome tena Yona 1:3. Alishuka Yafa, akakuta merikebu iendayo Tarshishi, akatoa nauli. Katika kitabu kile, safari ya ng'ambo iliyolipiwa nauli ndiyo iliyokuwa uasi. Kwa hiyo kupanda chombo kwenda mbali peke yake hakuthibitishi utii, na kubaki hakuthibitishi uasi. Anayekutisha kwa Yona akuonyeshe kwanza ni wapi Mungu amekutaja wewe, mwezi huu, safari hii. Akishindwa, asiazime jina la nabii kujazia orodha ya wasafiri.

Anasema pia Mungu huangalia nia. Ni kweli, na huangalia pia kilichotendeka. Mwaka 2010, wiki chache baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari, kundi la Wabaptisti 10 wa Marekani, wengi wao wa jimbo la Idaho, lilikamatwa karibu na mpaka likiwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila hati. Walisema wanaokoa yatima. Ikaonekana wengi wa watoto wale wana wazazi hai. Siwezi kuisoma mioyo ya watu wale, na naweza kuamini kwamba waliomba kwa machozi kabla ya kuondoka. Lakini mama wa Haiti aliyekaribia kumpoteza mwanawe hakusaidiwa na nia yao. Hukutaja kituo cha watoto katika ratiba yenu, nami nashukuru. Kama kipo, uliza kabla ya kubeba pipi na kamera: wazazi wa watoto hawa wako wapi, na kwa nini hawako nao? Kenya imeweka mkakati mzima, wa 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kutoka vituoni kwenda kwenye familia. Wakristo tungepaswa kuwa tumetangulia.

Mchungaji wa nyumbani simkatalii kwa ukali ule, kwa sababu anajua anachokiona. Lakini amekata mti mzima kwa tawi moja bovu. Safari fupi ya utumishi ni ya kibiblia. Yesu aliwatuma wale sabini wawili wawili, wakaenda, wakarudi na habari. Antiokia iliwatuma Barnaba na Sauli kupeleka msaada wa njaa Uyahudi, wakaumaliza utumishi wao na kurejea. Epafrodito alitoka Filipi na zawadi ya kanisa kwa Paulo kifungoni, akaugua karibu ya kufa, akarudishwa nyumbani. Wala si jambo la wazungu peke yao. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulienea Afrika Mashariki kwa timu za namna hiyohiyo. Timu ya mwaka 1937 ilifika Kabete, Kenya, na matunda yake bado tunayaona makanisani. Ila ndugu wale walianza na dhambi zao wenyewe. Hilo waliliita kutembea nuruni. Mgeni alisimama mbele ya wenyeji akaungama alichoiba, aliyemchukia, aliyemdanganya, na Mwafrika na mzungu wakaombana msamaha mbele ya watu. Linganisha na timu ambayo haijui hata kwamba ukuta wake umebomolewa jioni.

Ule ukuta nimeufikiria sana. Wale mafundi walikuwa na adabu, walimstahi mgeni. Lakini adabu ya namna hiyo ikiendelea mwaka hadi mwaka, wenyeji wanabaki na siri na wageni wanabaki na picha. Usharika ule ungeulizwa unahitaji nini, labda ungejibu: tulipieni saruji na ujira wa mafundi wetu, kisha leteni vijana wawe saidia fundi, wasombe maji na mchanga, wajifunze. Kijana wa Texas akiwa chini ya amri ya fundi wa Morogoro kwa siku 12, hiyo ni shule ya unyenyekevu ambayo seminari nyingi hazina. Yesu aliwaambia wale sabini kwamba wale chakula watakachowekewa na wasihamehame nyumba. Maana yake, mtumishi wa Injili anakaa chini ya mkono wa mwenyeji. Je, mchungaji wa pale ndiye aliyewaita? Au alipokea barua yenye tarehe, akasema karibuni kwa kuwa hakuna anayemfungia mgeni mlango?

Fedha nitazipita upesi. Watu 14 kwa dola 3,400 ni dola 47,600. Sisemi ni dhambi, nasema waliochanga wana haki ya kujua zimefanya nini. Paulo aliposafirisha michango alihakikisha anaandamana na watu waliochaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa. Na taarifa ya "212 wameokoka" ndiyo iliyofungua mifuko ya mwaka huu, jambo ambalo linaifanya kauli yako ya mwaka jana kuwa nzito zaidi.

Basi hukumu ni hii. Kutumika katika timu hiyo ni halali, tena kunaweza kuwa kwema, iwapo usharika mwenyeji umeita, na iwapo kinywa chako kitakuwa huru kusema kweli kwa pande zote mbili. Wakikunyima uhuru huo, usiende.

Lakini mwaka huu, binti yangu, hata wakikupa uhuru wote, mimi nakushauri usiende nao. Nenda Tukuyu.

Una wiki mbili. Mama anaumwa. Miaka sita. Ulikuwa Morogoro, umbali wa siku moja kwa basi, ukatafsiri mahubiri juu ya upendo huku mama yako akisikia kwa simu kwamba uko nchini. Sikulaumu, ulitii sheria ya kundi. Sheria yenyewe naielewa kwa vijana wa miaka 18 wasioijua nchi, lakini kumfunga nayo mtu mzima aliyezaliwa huko ni kukosa akili. Bwana wetu aliwakemea Mafarisayo kwa jambo hilihili, katika Marko 7: mtu anamwambia mzazi wake, kile ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani, nimekiweka wakfu kwa Mungu. Likizo yako isigeuzwe Korbani. Na Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana Imani. Hilo si neno langu.

Na kama unaogopa kwamba unaikimbia misheni, msome yule mtu wa nchi ya Wagerasi, aliyetolewa jeshi la pepo. Alimsihi Yesu amchukue, apande naye chomboni. Ombi zuri kuliko hilo utalipata wapi? Yesu akamkatalia. "Enenda zako nyumbani kwa watu wako, ukawahubiri ni mambo makuu mangapi aliyokutendea Bwana." Alitumwa kwao, bila timu, akahubiri katika Dekapoli, eneo la miji kumi.

Nauli utaitafuta mwenyewe, najua, na ni nzito kwa mshahara wa kutunza wazee. Usiuombe usharika ukulipie kwa jina la misheni kisha uende kwa mama. Ukiwaeleza ukweli wakakuchangia kwa upendo, pokea kwa shukrani.

Kabla ya hapo liko jambo gumu zaidi. Waandikie wazee wa kanisa barua ya ukurasa mmoja. Eleza swali la mhubiri lilikuwa lipi na maneno uliyoyasema kwa Kiswahili, neno kwa neno, na kwamba ile mikono haikuitikia alichouliza. Usimtaje mwingine kwa ubaya, usijitetee kwa urefu. Omba msamaha kwao, na omba wakuruhusu umwandikie pia mchungaji wa pale kijijini, maana washarika wake wametangazwa Marekani kuwa watu wasiomjua Kristo. Habari ya ukuta usiiandike mpaka mafundi waliokuomba wakuruhusu. Hiyo ni siri yao, waombe kupitia mchungaji wao. Wazee wanaweza kukasirika. Wanaweza pia kushukuru. Nimeona yote mawili.

Ukiiandika kwa Kiswahili kwanza, nitumie rasimu niisome. Na mama umpe salamu zangu, mwambie tunamwombea kwa jina.