Eneo la mita 4 kwa 5, walaji watano: nipande miche mingapi ya vitunguu?

Mkuu, umesema uko Morogoro, una kipande cha mita 4 kwa 5 nyuma ya nyumba, mko watano, hujawahi kupanda vitunguu, na unataka kuacha kununua sokoni mwaka mzima. Jibu fupi: miche 300, tuta moja la mita 1 kwa 5. Sehemu iliyobaki weka mchicha, nyanya, chochote, ila usiijaze vitunguu.

Ukijaza eneo lote, hata bila kuacha njia za kupita, utaingiza kama miche 1,200. Ikienda vizuri utavuna zaidi ya kilo 90. Jiko linalotumia kilo moja na nusu kwa wiki litahitaji wiki 60 kuzimaliza, na kitunguu chekundu kilichokaushwa vizuri kwenye joto letu kinakaa miezi mitatu hivi kabla ya kuanza kuchipua na kuoza. Kinachoamua idadi ni muda wa kuhifadhi. Ukubwa wa shamba unakuja baadaye kabisa.

Kwa hiyo anza jikoni. Jumatatu nunua kilo mbili, mpike kama kawaida yenu, Jumapili jioni pima kilichobaki. Wiki yenye wageni usiihesabu, maana pilau moja ya watu 15 inaweza kumeza kilo nzima peke yake. Tuseme mmetumia kilo moja na nusu. Mara wiki 12 ni kilo 18. Ghalani hesabu kwamba moja ya tano itaharibika, hivyo unatakiwa uingize kilo 22 na nusu. Mtu anayeanza apige wastani wa gramu 90 kwa kitunguu, asidanganywe na picha za vitunguu vya nusu kilo. Hapo ni vitunguu 250. Bustanini, kati ya miche 100 tegemea 85 ifike mwisho. Ndiyo 300 hiyo imepatikana. Kama kwenu ni kilo moja tu kwa wiki, miche 200 inatosha.

Nafasi: sentimita 15 mstari hadi mstari, 10 mche hadi mche. Tuta la upana wa mita 1 linabeba mistari 6, kila mstari miche 50. Ukibana hadi sentimita 7 utapata vidogo vingi, ambavyo kwa kweli jikoni si vibaya na vinakaa zaidi. Ukiachia sentimita 20 utapata vikubwa vyenye shingo nene (pale majani yanapoungana na kitunguu), na shingo nene haikauki. Kuoza kunaanzia hapo.

Mbegu ndipo wengi wanapofeli kabla hawajaanza. Gramu moja ina punje 250 hadi 300. Kwa miche 300 ya kupanda, 40 ya kujazia mapengo na mingine ya kuchambua, unahitaji gramu mbili na nusu. Utakayobakiza usiitunze kwa ajili ya mwaka wa tatu, kwani mbegu ya kitunguu inapoteza uotaji haraka kuliko mboga nyingi. Kabla ya kusia, weka punje 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, ndani ya mfuko, kwa siku 10. Zikiota 14 au zaidi, endelea. Chini ya 10, nunua nyingine.

Aina chukua Red Bombay au Red Creole. Texas Grano inanenepa vizuri lakini haikai, hiyo iachie wanaouza siku hiyo hiyo. Na ndugu aliyeko Uingereza akikutumia mbegu za huko, mshukuru tu: nyingi zinasubiri mchana wa saa 14 au zaidi ndipo ziweke kitunguu, na Morogoro mchana haufiki hata saa 13. Utapata majani mazuri, chini hakuna kitu.

Sia mwishoni mwa Machi au Aprili kwenye kitalu cha mita moja ya mraba, kilichoinuliwa na chenye kivuli chepesi kinachokinga matone ya masika. Kina ni sentimita moja, mistari sentimita 10. Wiki ya 6 hadi ya 8, mche ukifikia unene wa penseli, hamishia tutani. Miembamba kama uzi itupe au uile kama majani ya kitunguu. Panda kina cha sentimita 2 hadi 3, si zaidi. Ukizamisha, kitunguu kinarefuka badala ya kuvimba. Kwa sababu hiyo hiyo usikipandishie udongo wakati wa palizi. Kitunguu kinatakiwa kionekane juu ya ardhi. Siku 10 za kwanza pita asubuhi: mche uliokatwa usawa wa udongo ni kazi ya sota, kiwavi anayejificha udongoni, mfukue hapo hapo, umuue, kisha jazia pengo.

Samadi iliyooza, debe moja la kujaa kwa tuta zima, ichanganywe na udongo kabla ya kupanda. Mbolea ya kukuzia, yaani CAN, weka vizibo kumi vya soda kwa tuta wiki ya 3 baada ya kuhamisha miche, na vingine kumi wiki ya 6. Kitunguu kikianza kuvimba, acha kabisa mbolea ya kukuzia, vinginevyo unalisha majani na kurudisha lile tatizo la shingo nene. Maji kila baada ya siku mbili au tatu, mizizi yake haiendi mbali. Majani yakiwa na michirizi ya rangi ya fedha, fungua katikati ya shina: thripsi, wadudu wadogo sana wanaofyonza majani, wanajificha humo, na wanazidi pale bustani inapokauka.

Majani ya nusu ya tuta yakilala yenyewe, kata maji. Usiyakanyage ili yalale haraka. Baada ya siku 10 hivi ng'oa, tandaza kivulini penye upepo siku 7 hadi 10, kisha kata ukiacha shingo ya sentimita 2 au 3. Vilivyotoa maua, mapacha na vyenye shingo nene viende jikoni kwanza. Vilivyobaki viweke kwenye mfuko wa wavu uning'inizwe, kamwe si kwenye mfuko wa plastiki.

Mavuno hayo ya Septemba yatakufikisha Desemba. Kwa awamu ya pili sia mwanzoni mwa Oktoba, idadi ile ile, uhamishie mwishoni mwa Novemba, ili ung'oe kabla masika hayajakolea, kwa sababu kitunguu kilichonyeshewa wakati wa kuvuna hakifiki hata mwezi. Mavuno ya awamu hiyo yatakusogeza hadi Mei. Kuanzia Juni nunua sokoni mpaka Septemba, na vivyo hivyo baada ya Desemba hadi uvune awamu ya pili.