Umehitimu shahada ya lugha: uanzie wapi kutafuta kazi

Wahitimu wengi wa Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu au Kichina wa Afrika Mashariki huandika kwenye wasifu wao "ninazungumza lugha nne", basi. Mwajiri akisoma hapo hajui akupe kazi gani. Andika unachoweza kufanya kwa lugha hizo: kutafsiri mikataba ya ujenzi, kupokea wageni hotelini, kufundisha watoto wa sekondari.

Weka na kiwango chako. Kwa Kifaransa, cheti cha DELF cha kiwango cha B2 kinatosha kwa hoteli na utalii. Kwa tafsiri lenga cheti cha juu zaidi, DALF C1. Vyeti hivyo haviishi muda, ilhali matokeo ya TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa, hudumu miaka 2 tu, kwa hiyo usiufanye TCF mapema kama huna maombi ya kupeleka.

Ualimu una masharti yake. Kenya, kusajiliwa na TSC (Tume ya Huduma za Walimu) kufundisha sekondari kunataka mafunzo ya ualimu na masomo mawili ya kufundishia. Kifaransa peke yake hakikufikishi. Utalii nao unataka zaidi ya lugha. Arusha, Zanzibar, Malindi na Watamu kuna wageni wanaotaka mwongozaji wa Kiitaliano, Kijerumani au Kifaransa, lakini bila leseni na bila kuwajua ndege na wanyama kwa majina ya lugha hiyo, safari ya siku tano itakushinda siku ya pili.

Tafsiri ndiyo mlango ambao anayeanza anaweza kuuingia akiwa nyumbani, na ndiko wengi wanakoharibu. Kampuni za tafsiri hukupa jaribio fupi, mara nyingi maneno 300 hivi. Wanaoanguka mara nyingi huangushwa na tarakimu. Kifaransa huandika 2,5 mg. Kwetu ni 2.5. Ukiidondosha ile alama, mgonjwa anasoma 25. Milliard ya Kifaransa ni bilioni yetu, na billion ya Kifaransa ni trilioni yetu. Kosa hilo moja kwenye bajeti linatosha kukufutia kazi. Miadi ya 14h30 ni saa 8:30 mchana. Ukimaliza, fanya mzunguko mmoja wa kukagua tarakimu, tarehe na majina peke yake, bila kusoma sentensi.

Tafsiri kuelekea lugha unayoimudu zaidi, na kwa wengi wetu hiyo ni Kiswahili. Jifunze mapema programu ya kumbukumbu ya tafsiri, inayokuhifadhia sentensi ulizokwisha kutafsiri; OmegaT ni ya bure na inatosha kuanzia. Kabla ya kukubali bei, uliza maneno yanahesabiwa kwenye matini chanzi (maandishi unayoyatafsiri) au kwenye tafsiri yako. Kiswahili hubana: je leur donnerai ni maneno matatu, nitawapa ni moja. Ukilipwa kwa hesabu ya Kiswahili, umepunjwa kabla hujaanza. Mfasiri mzoefu hutoa maneno 2,000 hivi kwa siku. Wewe ahidi 1,200, ubakize muda wa kukagua. Siku hizi pia utaletewa tafsiri ya mashine uirekebishe. Omba kuona ukurasa mmoja kabla ya kutaja bei, maana iliyo mbovu huchukua muda mwingi kuliko kutafsiri upya.

Ukalimani, yaani kutafsiri kwa mdomo, usiukimbilie. Nafasi zipo: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, na Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022. Lakini kibanda cha mkalimani mkutanoni kinataka mafunzo, kama ya uzamili yanayotolewa Chuo Kikuu cha Nairobi. Nyumbani anza na ukalimani fuatizi, ambapo unatafsiri msemaji akishanyamaza: sikiliza hotuba dakika 3, andika majina, tarakimu na viunganishi tu ("lakini", "kwa sababu", "isipokuwa"), kisha iseme upya ukijirekodi. Anayejaribu kuandika kila neno hupoteza hoja.

Ukiitwa kwenye mkutano wa ukalimani sawia, ambapo unatafsiri huku msemaji akiendelea, omba ajenda na hotuba mapema, na uliza mwenzako ni nani. Wakalimani huwa wawili kibandani, wakipokezana kila dakika 20 hadi 30, na aliyepumzika humwandikia mwenzake tarakimu. Mwandaaji akitaka mtu mmoja kwa siku nzima, mkatalie: baada ya nusu saa makosa huongezeka na mwenyewe huyasikii, ila ukumbi mzima unayasikia.