Kipimo cha haraka cha mono kutoka hasi siku ya nne

Umeuliza kama kipimo hasi kinamaanisha homa na koo lako linalouma si mono, ule ugonjwa unaoletwa na kirusi cha Epstein-Barr. Hapana ndugu, majibu hasi siku ya nne ya homa hayafuti mono. Kipimo cha haraka hakitafuti kirusi cha Epstein-Barr chenyewe. Kinatafuta kingamwili za heterofili, yaani zile ambazo mwili hutengeneza ukiugua mono lakini hazilengi kirusi hicho moja kwa moja, na hizo huchelewa: wiki ya kwanza takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne hutoka hasi ilhali anaumwa kweli. Kwa watoto wa chini ya miaka 4 hakifai kabisa kutegemewa. Rudia baada ya wiki moja.

Usipotaka kusubiri, omba kipimo cha kingamwili zinazolenga kirusi chenyewe. VCA na EBNA ni sehemu za kirusi hicho; IgM ni kingamwili za mwanzo, IgG ni za kudumu. VCA IgM ikiwa chanya na EBNA IgG hasi, maambukizi ni mapya. EBNA huanza kuonekana miezi 2 hadi 4 baada ya dalili, hivyo ikiwa tayari imo na IgM haimo, ulishaugua zamani na koo hili lina sababu nyingine. VCA IgG peke yake haikuambii kitu. Watu wazima wengi wanayo maisha yote.

Hesabu kamili ya damu nayo isisahaulike: limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) zaidi ya 50% ya chembe nyeupe, na limfosaiti zenye umbo lisilo la kawaida zaidi ya 10%, huelekeza kwenye mono. Vipimo vyote vikiwa hasi, ulizia kipimo cha CMV (kirusi kingine chenye dalili kama hizi) na cha VVU, na kwa VVU kiwe kile cha antijeni (sehemu ya kirusi chenyewe) na kingamwili pamoja, maana VVU vya mwanzoni hufanana sana na mono.

Amoksisilini (dawa ya bakteria) ya kubahatisha iache, kwa mwenye mono huweza kuleta vipele mwili mzima.