Jibu: Kwa nini Witte aliondolewa Wizara ya Fedha?

Ndugu, umeuliza kama Sergei Witte aliponzwa na mfumo wa dhahabu alioukamilisha nchini Urusi mwaka 1897. Sidhani. Mtu huyu, aliyeinukia katika usimamizi wa reli hadi kuwa Waziri wa Fedha mwaka 1892, aliifunga thamani ya rubli kwenye dhahabu ili mitaji ya Ufaransa na Ubelgiji iingie bila woga, huku ushuru mkubwa wa forodha na ukiritimba wa serikali katika uuzaji wa vodka vikiijaza hazina. Mzigo, kusema kweli, uliwaelemea wakulima. Kilichomwondoa mwaka 1903 ni fitina za maadui wake ikulu kwa Tsar Nikolai II, pamoja na Witte mwenyewe kupinga sera ya kibabe ya Urusi katika Mashariki ya Mbali, ambayo mwaka uliofuata ilizaa vita na Japani.